Ubongo wa Kichanga na Kadi ya Kliniki

Hoja iliyo mezani ni hii: wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wawafundishe wazazi namna ya kuongea na vichanga, kutazamana nao na kuwalaza, kwa kufuata utafiti wa ubongo, na somo hilo lipewe uzito sawa na mizani na chanjo. Serikali ya Tanzania imeshaelekea huko. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayoyaweka malezi yenye mwitikio sambamba na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Ugomvi uliobaki ni kile atakachokisema muuguzi mama akiwa amekaa mbele yake, na ushahidi gani unamruhusu kukisema.

Wasemaji wanne nimewabuni: muuguzi wa kliniki ya mjini, mtafiti wa ubongo, bibi wa Pangani aliyewahi kuwa mkunga wa jadi, na baba kijana anayeendesha bodaboda Dar es Salaam. Utafiti wanaoutaja sikuubuni.

MUUGUZI: Nianze mimi, maana ndiye nitakayetumwa. Mama anafika, mtoto anapimwa uzito, natia nukta kwenye kadi, anachomwa sindano, analia, wanaondoka. Kilo nazijua. Kinachoendelea kichwani mwake sikiulizi. Na pale benchi wanapongojea, mama yuko kwenye simu na mtoto anatazama dari. Miaka ya 1970 huko Marekani, Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao kama kawaida, kisha kwa dakika chache wakaze uso, wasicheke, wasiitike. Mtoto anatabasamu ili mama amjibu. Hajibiwi. Ananyoosha mikono, anapiga kelele. Akishindwa anageuza uso na kunywea. Dakika chache tu hizo! Simu inaukaza uso wa mama kwa muda gani?

BIBI: Sista, nikuulize kidogo. Huyo mtoto wakati mama anakaza uso alikuwa amewekwa wapi?

MUUGUZI: Kwenye kiti chake, bibi, anamkabili mama.

BIBI: Kiti! Basi hilo ndilo la kwanza kumliza. Mtoto wangu akiwa kwenye mbeleko haoni uso wangu asubuhi mpaka adhuhuri, na halii. Nikiinama kufagia anainama, nikicheka mbavu zangu zinamcheka. Mwitikio gani mnautafuta zaidi ya huo?

MTAFITI: Umegusa panapotuuma, bibi. Tangu Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliponasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, kipimo hiki kinamtaka mtu atulie. Kichanga hatulii. Akigeuka, mawimbi yanavurugika; akiuma waya, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Kwa hiyo tunamkalisha, tunamvika kofia ya vihisio, tunamwonyesha uso. Tunajua mengi kuhusu mtoto aliyekalishwa mbele ya uso, na machache sana kuhusu aliyebebwa mgongoni.

MUUGUZI: Dokta, usianze kwa kuomba radhi. Waambie mliyoyaona.

MTAFITI: Tumeyaona. Mwaka 2017 Victoria Leong na wenzake wa Cambridge waliwavika vihisio watoto wa miezi kama 8, na mwimbaji naye akavaa, akawaimbia nyimbo za watoto. Alipowatazama machoni, mawimbi ya bongo zote mbili yalioana zaidi kuliko alipotazama pembeni, na watoto walitoa sauti mara nyingi zaidi, kana kwamba nao wanataka zamu yao. Mwaka 2020 Elise Piazza na wenzake wa Princeton wakatumia kofia ya miale ya infraredi, inayofuatilia oksijeni ya damu ndani ya ubongo. Watoto walikuwa na miezi 9 hadi 15. Sehemu ya mbele ya ubongo wa mtoto ilitangulia kidogo, ya mtu mzima ikafuata.

BABA: Kumbe dereva ni mtoto.

MTAFITI: Kwa sekunde chache. Na ukisikia watu wakisema huo ni ubongo wa mama na mwanawe, wakatalie: mtu mzima aliyecheza na mtoto alikuwa mtafiti. Mama alikuwa amempakata tu.

BIBI: Na mwili wa mama aliyempakata haukupimwa.

MTAFITI: Haukupimwa.

Hapa naingilia, kwa sababu bibi ana mashahidi asiowajua. Katikati ya miaka ya 1970 Robert LeVine, Sarah LeVine na wenzao waliishi miongoni mwa Wagusii wa Kenya wakifuatilia jinsi kina mama wanavyolea. Mama wa Kigusii alimnyamazisha mtoto upesi kuliko mama wa Boston, alimnyonyesha usiku kucha, hakumtenga na mwili wake. Ila hakuongea naye sana. Kwake, kumsimulia mtu asiyejua maneno lilikuwa jambo la kuchekesha, na mtoto alipomkazia macho na kuchangamka, mama mara nyingi alitazama pembeni ili mtoto atulie. Maneno yalikuja baadaye, kwa ndugu zake na kwa omoreri, mtoto mkubwa aliyekabidhiwa kumlea. Ukimpima mama huyo kwa kipimo cha Cambridge atafeli, na waliomwona wanasema alikuwa mlezi makini.

Kuna na deni la zamani zaidi. Nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi, inayonukuliwa leo katika kila mwongozo wa malezi, ilipata ushahidi wake wa mwanzo wa uwanjani Uganda. Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akakaa sebuleni akiangalia mtoto anamlilia nani na anamtambalia nani. Kipimo maarufu cha kumwacha mtoto na mgeni chumbani alikibuni baadaye, Baltimore. Elimu iliyoanzia Buganda ikafungashwa Marekani, na sasa inarudi Afrika Mashariki kama semina.

MUUGUZI: Ndugu mwandishi, usitupambie zamani. Bibi akisema kutoongea na mtoto ni desturi, nami nasema desturi hubadilika na mtoto hafi. Senegal kuna vijiji vya Wawolofu ambako wazazi waliogopa kuongea na kichanga na kumtazama machoni, wasije wakamvutia shetani. Shirika la Tostan lilikaa nao kwa muda mrefu, kwa lugha yao, kwa heshima. Ann Weber, Anne Fernald na Yatma Diop walichapisha matokeo mwaka 2017: wazazi waliopitia mafunzo waliongea na watoto zaidi sana, na watoto wao wakawa na maneno mengi kuliko wa vijiji ambavyo havikupata mafunzo. Shetani hakuja.

BIBI: Sikusema mtoto asisemeshwe. Kwetu tunamwimbia, tunamtania, tunamwita mchumba wangu. Tunachoogopa ni kumsifu mbele za watu, jicho lisimpate. Ninachokataa ni wewe kumwambia mwanamke aliyeamka alfajiri kuchota maji kwamba ubongo wa mwanawe umepungukiwa kwa sababu hakumtazama machoni.

BABA: Na mimi niulize la kwangu, maana nyie mnaongelea mchana. Shida yangu ni usiku. Mtoto wetu ana miezi minne. Mke wangu amesoma kwenye simu kwamba kwa umri huo anatakiwa alale usiku mzima, na asipolala ubongo haukui. Mtoto anaamka mara nne. Mama analia, mtoto analia, mimi saa kumi na moja niko barabarani na abiria nyuma.

MTAFITI: Hiyo ya usiku mzima ni ratiba ya nyumba fulani, haikuandikwa kwenye ubongo. Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, miaka ya 1970. Watoto wa Marekani walipofika miezi minne walikuwa wakilala kama saa 8 mfululizo. Wa Kokwet, wanaolala ubavuni mwa mama na kunyonya wakitaka, usingizi wao mrefu kuliko wote ulikuwa kama saa 4 na nusu, na uliendelea hivyo kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyewaona kuwa wagonjwa. Mama hakulazimika kuamka ili awahi ofisi saa mbili asubuhi, basi hakuwa na haraka ya kumfundisha mtoto usiku.

BABA: Sasa usingizi una umuhimu au hauna?

MTAFITI: Unao mkubwa, sema usihesabu wa usiku peke yake. Kichanga hulala saa 14 mpaka 17 kwa siku, kwa vipande vipande. Karibu nusu ya usingizi huo macho yanachezacheza chini ya kope, uso unakunjamana, vidole vinatikisika. Ni kazi inaendelea humo. Mwaka 2010 William Fifer na wenzake, New York, waliwachukua watoto wa siku moja au mbili wakiwa wamelala. Walipiga sauti fulani, kisha wakapuliza hewa kidogo kwenye kope. Baada ya kurudia mara nyingi, sauti peke yake ilimfanya mtoto akaze kope, na hajaamka. Alijifunza usingizini.

BIBI: Hilo nalijua. Unadhani tunamwimbia nani akishalala?

MTAFITI: Na akishakua kidogo, usingizi wa mchana unakuwa kama mhuri. Sabine Seehagen na wenzake, Ujerumani, mwaka 2015 waliwaonyesha watoto wa miezi 6 na wa miezi 12 namna ya kumvua mwanasesere glavu na kuitikisa. Waliolala walau nusu saa ndani ya saa 4 zilizofuata ndio waliokumbuka. Wasiolala walikuwa kama hawakuonyeshwa kitu. Mwaka huohuo Manuela Friedrich na wenzake wa Leipzig waliwafundisha watoto wa miezi 9 hadi 16 majina ya vitu wasivyovijua. Waliolala baada ya somo walipoonyeshwa kitu kingine cha aina ileile, ubongo wao ulilitambua jina. Walikuwa wamevuka kutoka kitu kimoja hadi aina nzima ya vitu. Na hilo lilikwenda pamoja na mawimbi mafupi ya kasi yanayopita usingizini, yanayoitwa spindo.

MUUGUZI: Haya sasa ndiyo ya kumwambia mama! Ukishacheza na mtoto, mwache alale. Usimwamshe ili aonekane kwa wageni. Hainigharimu hata senti.

BABA: Na akigoma kulala?

MTAFITI: Kumi Kuroda na wenzake, Japani, walijaribu njia mbalimbali mwaka 2022 kwa watoto 21 wakipima mapigo ya moyo. Aliyebebwa na mzazi anayetembea alitulia kuliko aliyepakatwa na mzazi aliyekaa. Tembea dakika 5 bila kusimamasimama. Akisinzia usimlaze hapohapo. Kaa naye dakika 5 mpaka 8, ndipo umweke. Kinachomshtua zaidi ni kile kitendo cha kuachana na mwili wako, kuliko godoro lenyewe.

BIBI: (anacheka) Mwanangu, mmenunua mashine ya kupimia moyo ili mjue mbeleko inafanya kazi.

BABA: Bibi, mimi nimepata kitu. Dakika nane zile nilikuwa sizijui. Na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hata mimi naweza kutembea naye.

MUUGUZI: Kabla hamjaondoka hapo: kulala kitanda kimoja. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto alale chali, chumba kimoja na wazazi lakini si kitanda kimoja. Bibi usinikunjie uso. Baba aliyekunywa, mvutaji wa sigara, kochi, mito mingi, mtoto aliyezaliwa njiti: hapo hatari ni ya kweli.

MTAFITI: Ni kweli. James McKenna, aliyewarekodi kina mama na watoto wakilala pamoja maabara, aliona kwamba mtoto hulala usingizi mwepesi zaidi na kunyonya mara nyingi zaidi. Yeye anaona wepesi huo una faida. Wenzake wengi wanaogopa. Mabishano hayajaisha, ila kochi na pombe havina mtetezi hata mmoja.

BIBI: Mlevi hakuwa analala na mtoto. Alikuwa analala barazani.

Mpaka hapa utadhani bibi anashinda. Nilimwachia makusudi, kwa kuwa upande wake huwa hauna kipaza sauti kwenye warsha za malezi. Lakini kuna ushahidi mmoja ambao mzaha hauuwezi.

MTAFITI: Romania, Desemba 1989, utawala wa Ceaușescu ulipoanguka, watoto zaidi ya laki moja walikutwa kwenye vituo vya serikali. Walilishwa, walibadilishwa nguo kwa ratiba. Walezi walikuwa wachache na wa zamu. Mtoto alilia, hakuna aliyekuja, akaacha kulia. Kuanzia mwaka 2000 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa Bucharest. Nusu, kwa kura, wakapelekwa kwa familia za malezi. Nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida wa vituo. Mawimbi ya ubongo wa watoto wa vituoni yalikuwa dhaifu: ya polepole mengi, yale ya kasi zaidi yanayoitwa alfa machache. Walipopimwa wakiwa na miaka 8, waliopata familia kabla ya kutimiza miaka 2 walikuwa na alfa inayofanana na ya watoto waliokulia nyumbani kwao. Waliochelewa hawakuifikia.

MUUGUZI: Ndiyo hiyo. Hapo uniambie tena habari ya kiti, bibi.

BIBI: Hapo sina neno. Mtoto asiyeitikiwa hukauka. Tuliwaona hata kwetu, wa mama mgonjwa asiye na ndugu.

MTAFITI: Naomba msitoke hapo mkakimbilia kwenye simu ya mama aliye benchi. Kutoka kituo cha Bucharest hadi benchi la kliniki ni mbali sana, na wauza semina huruka umbali huo kwa hatua moja. Tuliwahi kuona. Mwaka 1993 wanafunzi wa chuo kikuu huko California walisikiliza Mozart na kufanya vizuri kidogo jaribio la maumbo kwa dakika kama 10 au 15. Kufikia 1998 gavana wa Georgia, Zell Miller, anaomba bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo. Hakuna kichanga aliyekuwa amejaribiwa. John Bruer aliandika kitabu kizima mwaka 1999 kupinga imani kwamba mlango wa ubongo unafungwa kwa kufuli mtoto akitimiza miaka 3.

BABA: Basi nami nina jaribio langu. Mpeni mke wangu hela mwone kama hatamwimbia mtoto.

MTAFITI: Limefanyika, kaka. Marekani, kina mama 1,000 wa kipato cha chini. Baadhi walipewa dola 333 kila mwezi bila masharti, wengine dola 20. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba watoto wa kundi la kwanza, wakiwa na mwaka mmoja, walionyesha mawimbi ya kasi mengi zaidi. Magazeti yakashangilia. Wenye hesabu wakasema tofauti ni ndogo mno kutangaziwa hivyo. Watoto walipofika miaka 4, tofauti haikuonekana.

BABA: Kwa hiyo hela haisaidii?

MTAFITI: Hela ilinunua chakula na nepi, na hilo halihitaji kofia ya vihisio kulithibitisha. Ninachosema ni kwamba ukiipigia hoja njema debe kwa wimbi la ubongo, siku wimbi likitulia utaambiwa na hoja yenyewe ilikuwa uongo.

MUUGUZI: Hilo linanigusa. Nikimwambia mama "ongea naye, ubongo utakua", akija baada ya mwaka mtoto hajasema, atajiona mkosaji.

BIBI: Zamani mzazi alikaa ndani siku 40. Haingii jikoni, hachoti maji. Mama yake yupo, mawifi wapo, mimi nipo. Mtoto anapita mikono kumi kabla ya jua kuzama. Uso mmoja ukichoka kuna mwingine. Nyie mnapima mama na mtoto wawili peke yao chumbani, kisha mnashangaa mama amechoka.

Kauli hiyo ya bibi nayo ina kipimo. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti wa Wahadza, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya mkononi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, na watafiti wakahisi kwamba usingizi mwepesi wa bibi na babu ni ulinzi wa kambi tangu kale. Ukiuangalia kwa jicho hilo, mtoto wa bodaboda wetu hana kasoro. Amezaliwa kwenye chumba cha watu wazima wawili, na wote wawili wanaamka asubuhi kwenda kutafuta riziki.

MUUGUZI: Bibi, hiyo mikono kumi iko Pangani. Mama ninayempima mimi amepanga chumba kimoja, mama yake yuko mkoani, na mtoto analelewa na binti wa kazi wa miaka kumi na sita asiyejua lolote. Yeye ndiye ninayemtafutia maneno. Nikinyamaza kwa kuheshimu desturi ambayo hanayo, nani atamwambia?

BIBI: Mwite huyo binti kliniki. Ndiye anayeshinda na mtoto.

MUUGUZI: Kadi ina nafasi ya jina la mama.

BABA: Siku nilipompeleka mke wangu mjamzito tulihudumiwa mapema kwa kuwa nilikwenda naye. Mtoto alipozaliwa sikuitwa tena. Nitieni mimi, nitieni na binti, hata bibi akija na basi.

Mimi mwandishi ningeipigia kura hoja hii ikibadilishwa kidogo. Somo litolewe, lakini kwa yeyote anayeshinda au kukesha na mtoto, na lisitishie kichwa cha mtoto. Liwe na ya usingizi wa mchana, ya kutembea naye dakika tano, ya kumjibu akitoa sauti, ya kochi na pombe. Habari za mawimbi zibaki kwenye mafunzo ya wauguzi.

MUUGUZI: Ungekuja kliniki yangu Jumatatu, ndugu mwandishi. Benchi ni mbili. Kina mama peke yao hawatoshi, na wewe unaniletea baba, binti na bibi.

BIBI: Mimi nitakaa na mkeka wangu.